Mfuniko wa Mbao kwa Friza la Kegi: Niliyojifunza Katika Karakana ya Moshi

Mbao inayofunika sanduku la baridi haiishi kama mbao ya fanicha nyingine. Upande wake wa juu unakaa na hewa ya chumba, ambayo hapa Moshi mwezi Februari ni kavu na hufikia nyuzijoto 30 na zaidi mchana, ilhali upande wake wa chini unakaa na hewa ya nyuzijoto 4 iliyojaa unyevu. Kabati, meza au kitanda havipatwi na hali hiyo. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Pasua, na katika kazi zote nilizozifanya hakuna iliyonilazimu kufikiri juu ya tabia ya mbao kwa undani kama kazi ya kutengeneza mfuniko wa friza la kupozea kegi za bia, yaani mapipa madogo ya chuma ya kuhifadhia bia. Nayaandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu na kwa yeyote anayetaka kujitengenezea kifaa cha namna hiyo nyumbani.

Mteja wangu ni kijana wa Kibosho anayeishi mjini, ambaye hutengeneza bia kwa ajili yake na wageni wake, na kuihifadhi katika kegi za chuma kisichoshika kutu zenye ujazo wa lita 19 kila moja. Alikuwa amenunua friza la mtumba ambalo mashine yake ilikuwa nzima lakini mfuniko wake ulikuwa umepasuka na kung'oka bawaba, ndiyo maana alilipata kwa bei nafuu. Kabla ya kufika kwangu alikuwa amekwisha kutengenezewa mfuniko mahali pengine, kwa plaiwudi ya milimita 18 iliyobandikwa ubao mwembamba wa mapambo upande wa juu na kupakwa vanishi upande huo peke yake. Nilimwomba aulete, kwa kuwa kazi iliyoharibika humweleza fundi mambo ambayo mteja hawezi kuyaeleza.

Niliulaza mfuniko ule kwenye benchi na kuukagua polepole. Pembe zake nne zilikuwa zimenyanyuka, na nilipoweka rula ndefu juu yake palibaki katikati mwanya wa kupitisha kidole. Upande wa chini ulikuwa na madoa meusi ya ukungu. Pale lilipokatwa tundu la mnara wa koki, yaani nguzo fupi inayobeba koki za kumiminia bia, tabaka za plaiwudi zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na nilipozibonyeza kwa ukucha zilitoa maji. Kutokana na kukunjika huko, mfuniko ulikuwa haugusi tena ukingo wa friza kwenye pembe, hewa ya nje ilikuwa ikiingia mfululizo, na mashine ilikuwa ikiunguruma mchana kutwa bila kupumzika. Mteja alidhani friza limeharibika. Friza lilikuwa zima. Mfuniko ndio uliokuwa ukilichosha.

Hapa inafaa nieleze kwanza kwa nini watu huchagua friza la kufunguliwa juu, na kwa nini mfuniko ndio unaobeba mzigo wote wa ubunifu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, kwa hiyo ukifungua friza la namna hiyo ubaridi hubaki chini, tofauti na friji la mlango wa mbele ambalo humwaga ubaridi wake sakafuni kila linapofunguliwa. Zaidi ya hayo, umbo lake la sanduku linapokea kegi zilizosimama bila kuhitaji rafu. Lakini ili bia ifike kwenye koki, lazima mipira ya kupitishia bia ipite mahali fulani, na kuta za friza si mahali pa kutoboa. Ndani ya kuta hizo, nyuma ya bati na povu la kuzuia joto, zimezungushwa bomba nyembamba zinazopitisha gesi ya kupozea. Keekee ikiligusa bomba moja tu, friza limekufa. Mafriza mengi ya siku hizi hutumia gesi ya isobutani, inayoandikwa R600a kwenye kibandiko cha nyuma, nayo inashika moto. Mfuniko, kwa kawaida, hauna bomba lolote. Ndiyo sababu mnara wa koki huwekwa juu ya mfuniko, na ndiyo sababu mfuniko wa mbao, unaoweza kutobolewa na kukazwa skrubu popote, una maana kubwa kuliko urembo.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba mbao peke yake haizuii joto kiasi cha kutosha. Watu husema mbao ni joto, na ukilinganisha na chuma ni kweli, lakini povu gumu jeupe la poliistireni, lile linalofungiwa televisheni dukani, huzuia joto mara tatu au zaidi ya mbao laini yenye unene uleule. Nilipiga hesabu kwa mfuniko wa sentimita 95 kwa 55. Ukiwa wa mbao tupu ya milimita 25, joto linalopenya wakati chumba kina nyuzijoto 26 na ndani mna nyuzijoto 4 ni karibu wati 30 muda wote. Ukiongeza chini yake povu la sentimita 5, joto hilo hushuka hadi chini ya wati 8. Umeme wetu wa LUKU hulipiwa kabla ya kutumika, na umeme ukikatika, povu hilo ndilo linaloamua kama bia itabaki baridi hadi jioni.

Kuna faida nyingine ya povu ambayo sikuiona ikitajwa na mafundi tuliozungumza nao, nayo ndiyo iliyonishawishi zaidi. Wakati wa masika, hewa yenye nyuzijoto 24 na unyevu wa asilimia 85 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye joto la chini ya takriban nyuzijoto 21. Mfuniko wa mbao tupu hupoa hadi juu kabisa, na uso wake wa juu hushuka chini ya kiwango hicho, kwa hiyo hutoa jasho kwa juu, mahali ambapo watu huweka glasi na viwiko. Ukitenga mbao na ubaridi kwa povu, uso wa juu hubaki karibu na joto la chumba na jasho halitokei. Kwa maneno mengine, povu linailinda mbao kama linavyoilinda bia. Tangu nilipoelewa hilo nimekuwa nikimwambia kila mteja kwamba hatujengi mfuniko wa mbao wenye povu. Tunajenga mfuniko wa povu, kisha tunaufunika kwa mbao.

Tukaja kwenye uchaguzi wa mbao. Mimi nilipendekeza mninga, kwa sababu mninga uliokauka vizuri unasifika kwa kutulia, haucheziki sana majira yanapobadilika, au mtiki wa mashamba ya serikali ya Longuza au Mtibwa, ambao una mafuta ya asili yanayokataa maji. Paini na saiprasi ni rahisi kupatikana kwetu na hufaa kwa fremu za ndani, lakini kwa uso wa juu zinabonyea upesi. Mkulo, mti wa asili wa misitu ya mlimani, sikuufikiria kabisa. Misitu ya Mlima Kilimanjaro iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na mbao ya mkulo inayouzwa hapa kwetu kwa kificho huenda ikawa imeibwa mlimani, juu ya vyanzo vya maji tunayokunywa. Fundi anayeijua na kuinunua anashiriki wizi huo. Katika mbao zote huwa nadai risiti na hati ya usafirishaji, na muuzaji anayesita kuzionyesha namwacha.

Kijana, hata hivyo, alikuja na mbao zake. Baba yake alikuwa ameangusha mringaringa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Kichagga, kwa kibali miaka kadhaa iliyopita, akaupasua na kuzipanga mbao darini juu ya vijiti ili hewa ipite. Zilikuwa mbao nzuri, zenye kiini cha rangi ya kahawia hafifu, nyepesi mkononi na zinazokubali randa bila kuchanika. Mzee mwenyewe alifuatana na mwanawe kuja karakanani, na baada ya kumwamkia na kumpa kiti alinieleza kwa nini aliutaka mti huo, akianza na mtumbwi, yaani chombo cha mbao cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

"Fundi, mtumbwi wa mbege wa marehemu baba yangu ulichongwa kwa mti huu," alisema. "Ulidumu mpaka nimeoa. Haukupasuka wala haukupinda. Sasa wewe unasema utauogopa kwa ajili ya friza?"

"Mzee wangu, siuogopi mti," nilimjibu. "Naomba uniambie, ule mtumbwi mlipomaliza mbege mlikuwa mkiuacha ukauke?"

"Hapana. Ulikuwa unamwagiwa maji na kuwekwa kivulini. Ukikauka unavuja."

Jibu hilo lilikuwa na somo lote ndani yake, nami nilimshukuru kwa dhati. Mtumbwi ule ulikuwa mnene, ulichongwa kwa gogo moja, na watu wake walihakikisha haukauki. Mbao iliyolowa daima hutulia, na mbao iliyo kavu daima hutulia vilevile. Inayoteseka ni ile iliyolowa upande mmoja na kukauka upande wa pili, au inayolowa mwezi huu na kukauka mwezi ujao. Mfuniko wa friza hupata yote mawili. Kwa hiyo tulikubaliana kutumia mringaringa wa kihamba, kwa sharti kwamba mimi nitaamua muundo.

Mbao hunywa unyevu na kuvimba kwa kukatisha nyuzi zake, si kwa kuzifuata. Ubao wa urefu wa mita moja hautaongezeka urefu kwa kiasi cha kuonekana, lakini upana wake utabadilika. Katika chumba chenye unyevu wa wastani mbao hukaa na maji ya kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake mkavu, na katika hewa yenye unyevu wa asilimia 90, ambayo ndiyo hewa ya ndani ya friza lisilozibwa vizuri, hupanda kuelekea asilimia 20. Kwa mbao nyingi zilizopasuliwa kwa kawaida, badiliko la asilimia 4 tu la maji hutosha kuongeza milimita 4 hadi 6 katika upana wa sentimita 55. Ukiunganisha mbao pana kwa gundi na kuzikaza pande zote kwa skrubu, milimita hizo hazina pa kwenda, na mbao itachagua yenyewe ama kupinda ama kupasuka.

Dawa yake ni ya kale, na kila seremala aliyewahi kutengeneza mlango wa paneli anaijua. Nilitengeneza fremu ya miimo miwili na mikingamo mitatu, nikaiunganisha kwa ulimi na tundu, kisha nikachimba mfereji wa kina cha milimita 10 kuizunguka ndani. Paneli mbili za mringaringa ziliingia ndani ya mifereji hiyo bila gundi, zikiachiwa nafasi ya milimita 3 kila upande ili zivimbe na kusinyaa zinavyotaka bila kuisumbua fremu. Mkingamo wa katikati niliufanya mpana, sentimita 18, kwa kuwa ndio ungebeba mnara wa koki. Mnara haupaswi kukaa juu ya paneli inayotembea. Sehemu hiyo ndiyo niliyoitumia muda mrefu kuliko zote, na sijuti, kwa sababu mkingamo mpana nao huvimba. Niliuunganisha kwa mbao tatu nyembamba zilizopasuliwa ili pete za mti zisimame wima, maana mbao ya mpasuo huo hubadilika karibu nusu ya ile ya mpasuo wa kawaida. Ndimi zake nilizipaka gundi katikati tu, na pembeni nikaziacha huru.

Paneli nilizipaka vanishi kabla ya kuziingiza, si baada. Paneli ikipakwa ikiwa tayari ndani ya fremu, siku itakaposinyaa wakati wa kiangazi itaonyesha mstari mweupe usio na vanishi kandokando yake, nao huonekana kutoka mlangoni.

Chini ya fremu nilifunga povu la sentimita 5 lililokatwa kuingia ndani ya mdomo wa friza likiacha nafasi ya sentimita moja kila upande. Nililifunika kwa karatasi ngumu ya plastiki nyeupe inayofutika, kisha nikaziba viungo vyote kwa silikoni. Kati ya povu na mbao hakuna gundi. Povu linashikwa na fremu nyepesi ya saiprasi iliyokazwa kwa skrubu kupitia matundu marefu, ili mbao ya juu iweze kusogea bila kulivuta.

Raba ya mlango ilikuwa kazi ya peke yake. Mafundi friji huuza raba zenye sumaku ndani, na kwa bahati ukingo wa friza lile ulikuwa wa bati la chuma, kwa hiyo sumaku ingeushika. Nilikata raba kwa pembe za nusu mraba, nikaunganisha ncha, na kuikaza kwenye mfereji niliouchimba upande wa chini wa fremu. Raba haitakiwi kuvutwa wakati wa kuifunga. Ikivutwa, hurudi baada ya muda na kufungua viungo vya pembeni.

Kulipima jambo hili hakuhitaji kifaa cha gharama. Usiku, taa ikiwa imezimwa, niliweka tochi inayowaka ndani ya friza na kufunga mfuniko. Palipokuwa na mwanya, mwanga ulionekana kama uzi mwembamba kwenye pembe ya nyuma kushoto. Nikainua raba hapo kwa kipande cha plastiki chini yake, na mwanga ukatoweka. Kisha nilifunga mfuniko juu ya kipande cha karatasi na kukivuta, nikarudia kuzunguka ukingo wote. Karatasi inapotoka kwa shida kila mahali, raba inafanya kazi. Inapoteleza, hewa nayo inateleza.

Mnara wa koki alioununua kijana ulikuwa wa chuma, wenye kipenyo cha inchi 3 na koki mbili. Tundu la kupitishia mipira ndilo lililouoza mfuniko wa kwanza, kwa sababu nyuzi zilizokatwa hunyonya maji kwa kasi kubwa kuliko uso wa ubao. Hapa nilipitisha kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 kutoka juu hadi chini ya povu, nikalizungushia silikoni ndani ya mbao na kwenye povu, ili hewa ya ndani isipate nafasi ya kuigusa mbao hata kidogo. Bomba hilo lilitupa faida ya pili. Glasi ya kwanza ya bia mara nyingi hujaa povu kwa sababu mnara umepata joto la chumba, na bia baridi ikigusa chuma chenye joto hutoa gesi yake. Tuliweka feni ndogo ya kompyuta ndani ya friza, ikisukuma hewa baridi juu kupitia mpira mwembamba hadi karibu na koki, na glasi ya kwanza ikawa sawa na zilizofuata.

Uzito nao ulihitaji kufikiriwa. Mbao, povu, mnara na koki kwa pamoja vinazidi kwa mbali uzito wa mfuniko wa kiwandani, na bawaba za asili hazikuumbwa kwa mzigo huo. Kukaza bawaba kubwa kwenye bati la nyuma ya friza kungenirudisha kwenye hatari ileile ya kutoboa bomba za gesi. Kwa hiyo nilibandika ukanda wa mbao ngumu kwenye ukingo wa nyuma, kwa nje, kwa silikoni nyingi, nikaushika kwa skrubu katika matundu yaleyale ambayo kiwanda kilikuwa kimeyatumia kwa bawaba za awali, nami nikakaza bawaba tatu za shaba kwenye ukanda huo. Mnyororo mfupi kila upande unazuia mfuniko usianguke nyuma. Wenye watoto nyumbani wasiruke hatua hiyo.

Kuhusu vanishi nina msimamo ambao sitaulegeza. Ubao lazima upakwe pande zote sita, kwa idadi ileile ya mikono. Upande wa chini ambao hakuna atakayeuona unastahili vanishi kama ule wa juu, na ncha za mbao zinastahili zaidi. Vanishi haizuii unyevu kabisa, bali hupunguza kasi yake, na kasi hiyo ikiwa sawa pande zote, mbao huvimba kwa usawa na kubaki imenyooka. Ikipakwa upande mmoja, unakuwa umeiamuru ipinde. Kwa kazi hii nilitumia vanishi ya poliurethani, nikipiga msasa wa namba 240 kati ya mkono na mkono. Vanishi ya spiriti iliyokuwa ikitumika zamani kwa samani haifai hapa, kwa kuwa kilevi huilainisha na bia itakayomwagika itaacha madoa.

Sehemu mbili za usalama zinamhusu mtumiaji kuliko seremala, lakini mimi huzieleza kila mara ninapokabidhi kazi. Kwanza, mtungi wa kaboni dioksaidi, gesi inayosukuma bia hadi kwenye koki, ukiwekwa ndani ya friza na kiungo kikavuja, gesi hiyo, ambayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hujaa chini ya sanduku na kukaa humo. Mtu anayeinama kichwa ndani kuokota kitu anaweza kupoteza fahamu bila kusikia harufu yoyote. Viungo vipimwe kwa maji ya sabuni, mtungi uwekwe nje ikiwezekana, na mfuniko ukifunguliwa, usubiri kabla ya kuinama. Pili, friza hili likiachwa na kidhibiti chake cha asili litagandisha bia, kwa hiyo linahitaji kidhibiti joto cha nje kinachokata umeme, na kihisio chake kibandikwe kwenye kegi yenyewe na kufunikwa kwa kipande cha povu, ili kisome joto la bia badala ya joto la hewa.

Kijana aliniuliza kuhusu shinikizo la gesi, kwa sababu maelezo aliyokuwa nayo yaliandikwa na watu wa pwani za mbali. Moshi iko mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kidogo. Regyuleta, kifaa cha kudhibiti shinikizo la gesi inayotoka mtungini, hupima tofauti kati ya gesi ya ndani na hewa ya nje, kwa hiyo ili bia ishike gesi sawa na ile ya pwani lazima tuongeze karibu psi (paundi kwa inchi ya mraba) 1 na nusu. Bia iliyotakiwa kuwekwa psi 12 kwenye nyuzijoto 4 hapa huwekwa karibu psi 13 na nusu. Aliyeko Arusha mjini, kwenye mita 1,400, huongeza zaidi ya psi 2.

Mzee, siku ya kukabidhi, aliuliza kama mbege nayo ingeweza kuingia kwenye kegi na kutoka kwenye koki. Nilimsihi wasijaribu. Mbege ni kinywaji kilicho hai, kina ulezi ndani yake na kinaendelea kuchachuka hadi kinapoisha. Ikifungiwa ndani ya chuma, shinikizo hupanda bila kujali regyuleta imewekwa wapi, na ulezi ungeziba koki siku hiyohiyo. Alicheka, akasema mbege itabaki kwenye kibuyu, na bia ya mwanawe ibaki kwenye friza.

Mfuniko huo umepita masika na kiangazi. Mwezi wa Mei paneli zilikuwa zimejaa ndani ya mifereji yake hadi karibu kugusa. Februari zilikuwa zimesinyaa kwa milimita mbili hivi kila upande, na vanishi iliyopakwa mapema ilificha badiliko hilo. Fremu bado imenyooka, na rula niliyoilaza juu yake haikuonyesha mwanya. Mashine sasa hupumzika kwa vipindi virefu.

Hivi sasa nina kazi nyingine ya mteja wa Njoro ambaye friza lake bado lina mfuniko wa kiwandani ulio mzima. Huyo nimemshauri asiuguse mfuniko wake, bali tutengeneze kola ya mbao ya kimo cha sentimita 20 itakayokaa kati ya friza na mfuniko, na koki zipitishwe kwenye ubao wa mbele. Mbao za kola hulazwa nyuzi zake zikizunguka friza, kwa hiyo kuvimba kwake kutaongeza kimo tu, kwa usawa pande zote nne, na mfuniko utapanda na kushuka pamoja nayo bila raba kuachia mahali popote. Mnara hauhitajiki, bawaba za kiwanda zinaendelea kubeba mzigo ziliouzoea, na kimo kilichoongezeka kinamwezesha kusimamisha kegi moja juu ya kibonge cha mashine, yaani sehemu iliyoinuka ndani ya friza inayoifunika mashine.